Nilivyomwoshea Shemeji Magurudumu

Shemeji yangu alikuja na jeki siku ya tisa baada ya kumzika mume wangu. Hakuja na sukari, hakuja na unga. Alikuja na jeki, spana na wanaume wawili wa kubeba. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, kitambaa cheusi kichwani, miguu nimeinyoosha kama wajane wa ukoo ule walivyotakiwa kukaa, nikamwona kupitia mlangoni akiinama pembeni ya gari letu. Nikadhani anaangalia kama linavuja oili. Thubutu! Alikuwa anafungua nati.

Nimezeeka sasa, na watu wa kanisani wananiambia nisamehe, ati kinyongo kinaleta presha. Presha ninayo, kinyongo ninacho, na hakuna aliyeniuliza kipi kilianza. Wacha nisimulie kwanza, halafu atakayetaka kunihubiria anihubirie.

Tulikuwa tunakaa karibu na Kitahana, upande wa Kibondo. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, watu wametoka kuhamishiwa vijijini juzijuzi, nyumba nyingi bado hazijakauka udongo. Mume wangu alikuwa na pikapu, Toyota ile ngumu ya milimani, aliyoipata baada ya miaka mingi ya asali na maharage. Alipakia mizigo na watu mpaka Kasulu, akarudi na chumvi, sabuni na mawese. Mimi ndiye niliyekuwa msaidizi wake. Nilijua kubadilisha tairi kabla sijajua kusonga ugali wa muhogo vizuri, na mama mkwe alikuwa akinitania kwa hilo mbele ya wageni. Kuendesha alinifundisha mume wangu mwenyewe. Wazee wengine waligeuza uso wakiniona nyuma ya usukani, lakini mizigo yao waliipandisha.

Shemeji huyu ndiye mdogo wake mume wangu, tumbo moja. Alikaa Kasulu. Alikuwa na mke wa kanisani na mke mwingine wa dukani, na alikuwa na Landrova kuukuu aliyoinunua kwenye mnada, yenye tairi zilizolika mpaka zikawa vipara. Miaka ile tairi ilikuwa kitu cha kuulizia mpaka Kigoma, mpaka Tabora, na bado ukaambiwa njoo mwezi ujao. Mume wangu alikuwa ameweka tairi nne mpya miezi miwili tu kabla homa haijamchukua. Shemeji alikuja kumtazama mgonjwa, akazitazama na hizo tairi. Mimi niliona, nikanyamaza, maana mgonjwa alikuwa mume wangu na si gari.

Basi wazee wa ukoo walikuwa bado wako pale msibani, wakaitwa waje washuhudie. Shemeji alisimama katikati yao, mikono imejaa girisi, akasema kwa sauti ya huzuni, "Wazazi wangu, magurudumu haya ni yangu. Ndugu yangu alikwama mwaka huu, tairi zimemwishia, mimi nikavua haya ya kwangu kwenye Landrova nikamwazima. Ndiyo maana mnaona mimi natembelea vipara. Damu ni damu. Lakini sasa mwenyewe ameondoka, nachukua kilicho changu."

Uongo wa kung'aa! Toyota ile ina boliti sita kila gurudumu. Landrova ina tano. Ringi ya Landrova haiwezi kuingia kwenye Toyota hata uiombee mkesha, na ya Toyota haiingii kwenye Landrova. Mtu yeyote aliyewahi kushika spana anajua. Lakini wale wazee walikuwa watu wa jembe na mizinga ya nyuki. Kwao gurudumu lilikuwa gurudumu, ni duara, ni jeusi, linazunguka.

Na mimi sikuweza kusema. Hapo ndipo ilipo siri ya kisa hiki. Kwa desturi ya ukoo wa mume wangu, mjane aliye kwenye msiba hasemi kwenye kikao. Neno lake linasemwa na ndugu wa marehemu, mpaka siku ya kuondoa msiba, anaponyolewa na kuvuliwa kile kitambaa. Na ndugu wa marehemu alikuwa nani? Alikuwa mmoja tu. Mzee wa ukoo, ambaye alikuwa baba mkubwa wa mume wangu, akauliza, "Na mjane anasemaje?" Shemeji akageuka, akanitazama pale mlangoni, akawageukia wazee. "Shemeji anakubali," akasema. Mwizi wangu ndiye aliyekuwa mdomo wangu.

Wakayapakia magurudumu manne kwenye Landrova. Toyota wakaiacha imekalia mawe. Kabla ya kuondoka alikuja mlangoni, akachuchumaa, akaniambia kwa upole ambao mpaka leo nikiukumbuka natema mate, "Shemeji, usiwe na wasiwasi. Gari bila miguu litaenda wapi? Litakaa tu hapo. Msiba ukiisha, wewe na watoto mtahamia Kasulu kwangu. Kuna chumba nyuma ya duka. Na hilo gari tutalileta, tutalitafutia miguu hukohuko."

Umeona? Si tairi tu alizozitaka. Alitaka gari lote, na nyumba, na watoto watatu wa kaka yake wamfanyie kazi dukani, na mimi niwe mke wa tatu, wa chumba cha nyuma. Kwa gari linalotembea, mimi ningeweza kupakia maharage siku ileile ya kuvua kitambaa, nikalisha wanangu, na hakuna mzee ambaye angenihamisha. Bila gari nilikuwa mzigo, na mzigo hupelekwa anakotaka mwenye kuubeba. Kila kitu changu kilikuwa juu ya yale magurudumu manne.

Nikaapa. Niliapa kwa kaburi bichi la mume wangu kwamba yule mtu nitamwaibisha mpaka akose pa kuweka uso. Sikuomba Mungu anisaidie, maana nilijua Mungu angenishauri vingine.

Kwa siku za kwanza nilijifariji kwa boliti. Nilijua akifika Kasulu, atainua Landrova, ataleta gurudumu la kwanza, halafu atasimama pale ameduwaa, matundu sita yanamtazama na boliti tano zinamtazama. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka mama mkwe akaja kuona kama nimerukwa na akili. Nilijua hatathubutu kuyarudisha, kwa sababu kuyarudisha ni kukiri, na hawezi kuyatumia. Nikajisemea, acha yakae ndani mwake yamsute, siku ya kuvua kitambaa nitasimama nimwambie mbele ya wote: yavalishe tuone. Njia ya mwongo ni fupi.

Jioni nilikwenda kwenye Toyota. Nilipaka girisi kila boliti, kwa kidole, moja moja, nikafunika na magunia ili kutu isiingie. Watu walidhani ni mapenzi ya marehemu.

Ukapita mwezi na kitu. Mvua zilikuwa zimeanza, barabara ya Kasulu imegeuka uji mwekundu. Nikasikia mlio wa Landrova. Nikachungulia. Loo! Ilikuwa inakuja kwa magurudumu yangu. Zile tairi mpya, zenye meno makubwa, zilikuwa zinazunguka chini ya gari lake, zimebeba, zinatembea. Nikajiuliza, jamani, nimesahau kuhesabu? Mume wangu alinidanganya? Mpango wangu wote ulikuwa umesimama juu ya hesabu ya tano na sita, na hesabu yenyewe ndiyo ile inaingia uani inapiga honi.

Shemeji akashuka, akanisalimia kwa kupiga makofi kama Mha mwenye adabu zake, akatoa mche wa sabuni. Halafu akaingia kwa mama yake kula. Alikuwa na mama yake mzazi pale kwetu, yule mama mkwe wangu, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye maneno machache, ambaye tangu mwanawe mkubwa afe alikuwa analala chumba kimoja na mimi ili nisiote ndoto mbaya. Nilimpenda kuliko mama aliyenizaa, na silisemi hili kwa kupamba.

Wakiwa ndani, nikachukua ndoo kama naenda kisimani, nikapita karibu na Landrova. Ringi zilikuwa zimejaa tope mpaka katikati, limekauka kama limepigwa lipu. Nati tano zilikuwa zimechomoza. Nikahesabu tena: tano. Nikaingiza kidole kwenye tope, kati ya nati na nati. Kikaingia. Kikaingia chote mpaka kwenye kifundo. Nikachimba pembeni, kidole kikaingia tena. Mawe we, mama yangu! Yalikuwa matundu yangu. Matundu yangu sita yalikuwa palepale chini ya tope, na huyu bwana alikuwa ametoboa mengine matano ya kwake pembeni yake.

Baadaye fundi aliyeifanya kazi ile, Mrundi mmoja aliyekuja na wakimbizi akafungua karakana nyuma ya soko la Kasulu, aliniambia alimwonya. Alimwambia, bwana, chuma kinabaki chembamba, na haya matundu mawili yatakaribia kushikana. Shemeji akamjibu toboa. Fundi akatoboa. Na shemeji, kwa kuwa alikuwa mjanja, kila mara kabla ya kuja kwetu alilipitisha gari kwenye dimbwi na hakuliosha kamwe.

Unajua nilifanya nini? Sikupiga kelele. Nilichota tope kwenye ndoo, nikayaziba tena yale matundu mawili niliyoyafungua. Nikalainisha kwa kiganja vizuri, kama ninavyosiliba ukuta wa nyumba. Nikaenda kisimani. Siku hiyo maji hayakuwa mazito kabisa kichwani.

Miezi iliyofuata nilikuwa mjane mwema kupita wote waliowahi kutokea Kitahana. Alikuja kila baada ya wiki mbili, na kila alipokuja niliinamisha kichwa. Akiniambia chumba cha nyuma kinapigwa chokaa, naitikia kwa kichwa. Akiniletea khanga, napokea kwa mikono miwili. Mama mkwe alinitazama kwa mashaka, siku moja akaniuliza, "Mwana wanje, mwanangu, kweli unataka kwenda?" Nikamwambia mama, siku yangu ya kusema bado. Alikuna goti lake, akaenda kutandika mkeka wa kulalia.

Siku ya kuondoa msiba ilifika katikati ya mvua, lakini asubuhi hiyo palikuwa pamekauka. Watu walijaa ua mzima. Wazee walikuwa upande wa nyumba, wanawake upande wa jikoni, pombe ya ndizi kwenye mitungi. Shemeji alikuja na Landrova, akaiegesha katikati kabisa ya ua, mahali pa kila mtu kuiona, imejaa tope kama kawaida. Alikuwa amevaa koti. Alikuja kunichukua, na alitaka watu waone anakuja na nini.

Nilinyolewa. Kitambaa kikavuliwa na kutupwa. Halafu kuna jambo ambalo mjane wa ukoo ule hulifanya kwa mikono yake: huviosha vitu vyote alivyovitumia marehemu, mbele ya watu, kabla havijagawiwa. Wanasema ukimpa mtu kitu kisichooshwa, unampa na kifo kilichokishika. Nikaletewa debe la maji na gunzi la hindi la kusugulia. Nikaosha jembe lake. Nikaosha panga, kigoda, baiskeli, chetezo cha kufukizia nyuki. Wengine walikuwa wanalia, na mimi nililia pia, maana kigoda kile kilikuwa kimeshika umbo lake.

Mzee wa ukoo akasema, "Vimekwisha?"

Nikasimama. Hilo lilikuwa neno langu la kwanza mbele ya watu kwa miezi mitano. Nikasema, "Bado magurudumu."

Shemeji akacheka kidogo. "Hayo si ya marehemu, shemeji. Ni yangu. Wazee walishuhudia."

"Najua, shemeji," nikasema, na sauti yangu ilikuwa tamu kama asali ya nyuki wadogo. "Lakini mume wangu aliyatembelea mpaka akaanguka kitandani. Miguu yake ilikuwa hiyo. Unataka uondoke na kifo cha ndugu yako chini ya gari, utupakie mimi na wanae juu yake?"

Wanawake wakaguna. Yeye akasema haraka, "Nitayaosha Kasulu." Wanawake wakaitikia kwa pamoja, "Oya!" yaani hapana. Maana hapo, kwa mila za Waha, alikuwa amekataa kitu ambacho hakikataliwi. Yeye akamtazama mama yake amsaidie. Mama mkwe hakujua lolote. Nilikuwa sijamwambia hata yeye. Akasema tu, "Mwache aoshe."

Nikabeba debe langu. Nikapiga magoti kwenye gurudumu la mbele. Sikuharakisha, jamani, sitawadanganya. Nilikuwa nimeingoja siku ile kama mwenye njaa anavyongoja chungu. Nilimwaga maji kidogo, nikasugua pembeni kwanza, kwenye tairi, nikasifia tairi. Nikasugua ukingo wa ringi. Nilimsikia akihema nyuma yangu. Kisha nikamwaga maji katikati, tope likaporomoka, na tundu la kwanza likafunguka, jeusi, tupu, halina nati. Halafu la pili. La tatu lilikuwa limeshikana na lenye nati, kama alivyosema fundi. Nikaendelea mpaka ringi ikang'aa.

Nikamwambia mzee wa ukoo, "Baba, njoo uhesabu."

Alikuja na fimbo yake. Alihesabu kwa ncha ya fimbo, kwa sauti, mpaka kumi na moja. Akarudia. Akauliza, "Yenye nati ni matano. Haya sita ni ya nini?"

Shemeji akasema, "Ya hewa. Yanapitisha upepo ili breki zisipate moto."

Kuna watu walioitikia kwa kichwa! Mpaka leo nawakumbuka. Sikubishana naye. Nilikwenda kwenye mgomba, nikakata jani bichi, pana. Nikaenda kwenye Toyota, nikatoa gunia. Boliti sita zilikuwa zinameremeta kwa girisi yangu. Nikalibandika jani juu yake, nikalikandamiza kwa viganja mpaka boliti zikalitoboa. Nikalivua taratibu, nikaliinua juu wote walione: matundu sita, na alama za girisi zimezunguka kila moja.

"Baba," nikasema, "huu ndio unyayo wa gari la mume wangu. Livuliwe gurudumu moja la Landrova, tulilaze chini, tuliwekee hili jani juu. Kama matundu ya hewa ya shemeji hayakulingana na jani hili, nitapanda kwenye gari lake sasa hivi na sitafungua mdomo tena."

Mzee akasema, "Ni haki." Akamgeukia shemeji. "Vua gurudumu."

Hapo ningeweza kumwita mtu mwingine. Palikuwa na wanaume zaidi ya thelathini. Ningeweza kulivua mimi mwenyewe kwa dakika tano. Lakini nilikuwa nimeapa, na kiapo changu hakikuwa kupata tairi tu. Nikasema, "Avue yeye, kwa mkono wake. Ndiye aliyeyafungua siku ya tisa. Apige magoti pale nilipopiga mimi."

Shemeji akasema, "Sipigi magoti mbele ya mwanamke." Akakunja mikono. Mzee akamwamuru tena, akakataa tena. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye koti lake. Nikasema, "Basi tutakaa. Mimi nimekaa miezi mitano." Na niliketi kweli, kwenye kigoda cha mume wangu kilicholowa, na sijapata kuketi mahali patamu kama pale.

Ndipo mama mkwe akainuka upande wa jikoni. Akapita katikati ya watu, akaenda nyuma ya Landrova, akaichukua spana. Alikuwa hajawahi kushika spana maishani mwake. Wanaume wawili wakaenda kumpokea. Akawatikisia kichwa. "Niacheni," akasema. "Huyu nimemzaa mimi."

Akapiga magoti kwenye tope nililoliosha. Akaiweka spana kwenye nati, akavuta. Haikwenda. Akavuta tena. Kisha akasimama juu ya mkono wa spana kwa miguu yake miwili, amejishika kwenye boneti, akawa anajirusha, mwanamke wa miaka ile, mpaka nati ikalia na kuzunguka. Alishuka, akaifungua kwa vidole, akaiweka chini. Akahamia ya pili.

Angenisikia mimi peke yangu. Ningesema, mama, basi, angeacha, aliniheshimu. Na mimi nilikuwa simtazami yeye. Nilikuwa namtazama mwanawe. Nilitaka aone mama yake anaruka juu ya ile spana, nataka aione kila nati, na nilimwona uso unamvunjika polepole, midomo inamcheza, na nikasema moyoni, bado. Ya tatu. Kwenye ya nne spana ilimteleza, akaanguka kwa kiwiko, wanawake wakapiga yowe. Nikasema moyoni, bado moja. Nilimwacha afungue zote tano.

Ya tano ilipotoka, nikaenda kumshika mkono. Hakunipa mkono. Aliinuka kwa kushika tairi.

Wanaume wakapiga jeki, wakalilaza gurudumu chini. Mzee mwenyewe ndiye aliyeweka lile jani. Lilikaa sawasawa, tundu juu ya tundu, sita, hata mtu asiyeona vizuri angeweza kupapasa akajua. Mzee akatema mate pembeni. Akasema magurudumu yarudi yalikotoka, na mjane akae nyumbani kwake na watoto wake na gari lake, na asisumbuliwe na mtu. Shemeji aliondoka kwa miguu mpaka barabarani, koti begani, akadandia lori la kwenda Makere, njia ya Kasulu. Hakuna aliyemsindikiza. Nilipata nilichokiapia, chote, na sitasema kwamba hakikunoga. Kilinoga.

Magurudumu matatu yalifaa. La nne lilikuwa limechanika kati ya matundu, nikaweka spea badala yake. Wiki ileile nilipakia maharage, nikapita Kasulu mchana kweupe mbele ya duka lake, honi nimeikandamiza. Watoto wangu walikula na wakasoma. Yeye simsamehe, na nikifa muandike hivyo.

Lakini mama mkwe hakuhama kwangu, na wala hakunisema. Alipika, alilala chumba kimoja na mimi, alinikanda mgongo nilipougua. Ila siku ya kwanza nilipowasha gari nikamfungulia mlango nikamwambia, mama, panda nikupeleke sokoni, alijitwisha kikapu chake. "Nitatembea," akasema. Nikadhani ni kwa siku ile tu. Kila siku ya soko nilimpita njiani, nikasimamisha, nikafungua mlango, na kila mara alikaa pembeni ya barabara akangoja niondoke ili vumbi litulie.

Alikwenda hivyo miaka mitatu. Alipokaribia kufa alimwita mzee wa ukoo akamwagiza jambo moja tu, nami nikaambiwa siku ya mazishi. Jeneza lake walilibeba mabegani, kutoka nyumbani mpaka makaburini, na shemeji alikuwa mbele kabisa. Mimi nilikuwa nimeshaosha gari asubuhi, nimelitandika majani na shuka jeupe. Nililiendesha nyuma yao, taratibu, halina kitu.